Kaboni ya Tatu

Malori ya Barabara ya Morogoro hulala saa nane usiku,
au tuseme husinzia.
Ndipo Mlimani pakatulia, nami nikaanza kuvuta dhahabu.

Ni uzi mfupi nilioununua Kisutu
kwa sonara aliyeniuliza: pete ya nani?
Nikamjibu, ya Benzeni.
Akaliandika jina kwenye risiti, akanitakia ndoa njema.

Nauvuta uzi. Unakonda, unakonda tena,
unabaki na chembe moja kiunoni,
kisha unakatika bila mlio.
Na katika ufa ule, mwembamba kuliko neno ufa,
molekuli moja hujilaza
kama ubao wa kuvukia mtaro wa Kigogo wakati wa masika:
salfa huku, salfa kule,
katikati kaboni sita zimeshikana mikono.

Baba yangu, fundi Mwinchande wa Keko Machungwa,
alinifundisha umeme ningali nashika bisibisi kwa mikono miwili.
Waya wa pili, Siwazuri, ni mlango wa pili.
Ukiongeza njia, mkondo unaongezeka.
Aliliona hilo kwenye mashine za kusaga,
kwenye feni za msikiti, kwenye friji ya bucha.
Nikaliamini hadi mwaka huu.

Nikiishika pete kwa kaboni ya kwanza na ya nne,
elektroni ina hatua tatu kulia, tatu kushoto.
Inapita kote kuwili.
(Usiniulize inapitaje. Inapita.)
Inajikuta upande wa pili, kilele juu ya kilele,
na mstari kwenye skrini unapanda.

Nikiishika kwa ya kwanza na ya tatu,
upande huu hatua mbili, upande ule nne.
Njia zingali mbili. Hakuna aliyefunga kitu.
Kilele kinakuta bonde,
mstari unaanguka, unalala sakafuni.

Usiku wa tatu niliandika kwenye daftari la vipimo,
mahali pa kujaza joto la chumba:

Njia mbili ukipewa, usidhani ni neema,
Wimbi nusu likikawa, lenzake litalizima,
Kwenye pete hugawiwa, mmoja tena mzima,
Akitoka amepwewa, hana neno la kusema.

Dokta Lyatuu akiliona atafoka.
Avae miwani kwanza.

Saa kumi kasoro nikampigia baba;
magoti humwamsha kabla ya adhana.
"Umekagua maungio?"
Nimekagua.
"Kuna mahali pamelegea."
Hapajalegea, baba.
"Basi ni kama watu wawili walioleta habari moja.
Huyu anaapa ndiyo, yule anaapa siyo.
Mwenye nyumba hafungui."
Si wawili, nikasema. Ni mmoja.

Akanyamaza. Nikasikia bisibisi ikigongagonga meza,
kisha LUKU yake ikaanza kulia, tii, tii,
uniti zinakwisha.
"Mmoja," akasema. "Kwa hiyo amejikana mwenyewe?"
Halafu: "Ninunulie umeme wa elfu tano.
Na huyo wako usimchokonoe na kipima volti,
anaonekana ana mambo yake."

Tarakimu ishirini zikaenda Keko.
Huko taa ikabaki inawaka, mambo ya shaba nene,
unalipa, unapata.

Sikuzima mtambo.
Nilikaa nikiutazama mstari uliolala.
Ukimya wa waya uliokatika naujua,
nimekua nao, una harufu ya plastiki iliyoungua.
Huu si huo.
Huu ni wa aliyekuja kwa barabara zote alizopewa
na akafika.

Lori la kwanza likapiga breki Ubungo.
Meza ikatetemeka kidogo,
dhahabu ikaachia.